Wati 600 Zilizoandikwa Juu ya Boksi

Fundi aliligeuza lile boksi la chuma la pawasaplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaotumiwa na kompyuta, akafungua skrubu nne, na kabla hajagusa chochote ndani yake akachukua balbu ya zamani yenye waya mbili zilizochunwa ncha, akazigusisha kwenye miguu ya kapasita kubwa ili kumaliza umeme wowote uliokuwa umejificha humo. Balbu haikuwaka. "Hii ilishajimaliza yenyewe," akasema, kisha akanisogezea bodi niione vizuri chini ya taa yake ya mezani.

Karibu na tundu la waya wa ukutani palichorwa, kwa wino mweupe, alama za koili na kapasita za kuchuja umeme. Koili haikuwapo, wala kapasita. Mahali pake palichomelewa vipande viwili vya waya mtupu vilivyounganisha upande huu na ule, kama gogo lililolazwa juu ya mtaro ili watu wapite. Bamba la alumini la kupoza joto lilikuwa jembamba kiasi kwamba nililipinda kwa vidole viwili. Kilichotengenezwa kwa moyo mkunjufu kilikuwa feni peke yake: kubwa, kimya, yenye taa za rangi saba.

Kifaa kilikuwa cha mpwa wangu, na mimi ndiye niliyemwambia akinunue.

## "Mjomba, hii inatosha?"

Mpwa wangu anasoma chuo na amepanga chumba Sinza. Kwa kazi za kuhariri video alizozifanya mwaka mzima alijikusanyia kompyuta ya gemu kipande baada ya kipande: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RTX 3060 ya mkono wa pili iliyotunzwa vizuri, RAM ya GB 16, na diski ya SSD. Kilichobaki kilikuwa pawasaplai, na fedha iliyobaki ilikuwa ndogo, kwa sababu karibu kila mtu ninayemfahamu hukinunua kifaa hicho mwisho kabisa, kwa chenji.

Akanitumia picha mbili akiwa dukani Kariakoo. "Shikamoo mjomba. Hii inatosha?" Juu ya boksi paliandikwa 600W kwa tarakimu kubwa za rangi ya dhahabu. Nilikuwa ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba, nikapiga hesabu kichwani: kadi ya picha wati 170, prosesa ikibanwa sana wati 76, na feni, diski na vikorokoro vingine tuseme 40. Jumla haifiki 300. Nusu ya 600. Nikajibu neno moja.

Inatosha.

Wiki ya pili kompyuta ikaanza kuzima kila mchezo unapopamba moto. Haikuganda wala kuonyesha ujumbe wa kosa. Ilizima kama mtu kachomoa waya ukutani. Tulishuku kila kitu isipokuwa kile kilichostahili kushukiwa. Nilimwagiza asasishe draiva, nikamwagiza apake upya krimu ya kupozea prosesa, nikamwagiza ajaribu RAM moja moja, naye alitii yote kwa adabu ambayo sasa inaniuma. Kisha jioni moja umeme ukakatika mtaani kwao, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena, na katika kule kurudi kwa pili akasikia mlio mfupi nyuma ya meza, ikafuata harufu kali iliyofanana na ya samaki aliyeungua. Mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote, ilikufa na SSD ikafa pamoja nayo. Kadi ya picha ilipona.

## Picha ya pili

Kwa muda wa wiki tatu nilijitetea kwa umeme. Nilimwambia dada yangu, mama yake kijana, kwamba umeme unaokatika na kurudi namna ile ungeunguza chochote, na hilo lina ukweli wa kutosha kumfanya mtu asiulize zaidi. Dada hakuuliza zaidi. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala nalo, kwa sababu kwenye nyumba ileile, jioni ileile, runinga ya jirani, friji na chaja zote za simu zilinusurika.

Ndipo nilipozirudia zile picha mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya boksi, ile niliyoitazama ndani ya daladala. Ya pili, ambayo sikuwahi hata kuikuza, ilikuwa ya lebo iliyobandikwa ubavuni mwa pawasaplai yenyewe. Ilisomeka vizuri kabisa. Iliorodhesha njia ambazo umeme hutokea kwenda kwenye kompyuta. Volti 3.3, ampea 20. Volti 5, ampea 24. Volti 12, ampea 22. Kisha ile volti 12 hasi na volti 5 ya akiba, ambazo kwa pamoja hazibebi kitu cha maana.

Wati ni volti mara ampea. Hilo nilifundishwa sekondari na nimelifundisha wengine. Njia ya volti 12 iliweza kutoa wati 264. Ile ya volti 5, wati 120. Ile ya volti 3.3, wati 66. Ukizijumlisha zote, pamoja na zile ndogo, unapata kama wati 466. Kwa maneno mengine, lebo ya mtengenezaji mwenyewe ilikuwa inalikanusha boksi la mtengenezaji mwenyewe, na ushahidi ulikuwa kwenye simu yangu tangu siku ya kwanza.

Na hata hizo 466 hazikuwa na maana, kwa sababu kompyuta ya siku hizi haili umeme kwa usawa kutoka njia zote tatu. Prosesa hulishwa kwa volti 12 kupitia plagi yake ya pini nane pale juu ya mazabodi. Kadi ya picha nayo hulishwa kwa volti 12, ile inayopita kwenye waya zake na karibu yote inayopita kwenye tundu inamokaa. Wati 170 na wati 76 ni 246. Ongeza feni na mahitaji ya mazabodi, umeshafika ukingoni mwa uwezo wa wati 264. Kijana alikuwa anaendesha kifaa kile kwenye ukingo wa uwezo wake kila mchezo ulipopamba moto, na zile wati nyingine za volti 5 na volti 3.3 zilikuwa zimekaa tu bila kazi, kama viti vya nyuma vya basi ambalo abiria wote wamening'inia mlangoni.

Kwa hiyo swali alilopaswa kuulizwa muuzaji, na ambalo mimi nilipaswa kumfundisha mpwa wangu kuliuliza, lilikuwa hili: volti 12 inatoa ampea ngapi?

## Wastani hauzimi kompyuta

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu niligundua kwamba hata hesabu yangu ya daladala, ambayo nilidhani imekosea upande wa pawasaplai tu, ilikuwa imekosea pia upande wa kadi ya picha.

Ile 170 ya RTX 3060 ni matumizi yanayopimwa kama wastani wa muda mfupi. Ndani ya wastani huo kadi haitulii. Picha moja ya mchezo inapomalizika na nyingine kuanza, maelfu ya vipande vidogo ndani ya chipu huamka kwa pamoja, na kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kadi huvuta umeme mwingi kuliko idadi iliyoandikwa, kisha hushuka chini yake. Mita ya kawaida ya ukutani haiioni miruko hiyo. Pawasaplai huiona yote, nayo inalazimika kuchagua kati ya kuihimili, kujizima kwa kujilinda, au kuiacha volti ishuke hadi mazabodi yenyewe ikate tamaa.

Kadi kubwa za familia ya RTX 30, hasa RTX 3080 na RTX 3090, ndizo zilizolifanya jambo hili lijulikane kwa watu wa kawaida, maana wengi walikuta pawasaplai nzuri kabisa, za wati za kutosha kwa hesabu, zikizima katikati ya mchezo. Mwongozo wa ATX 3.0, yaani kanuni za kutengeneza pawasaplai za kompyuta, uliotolewa na Intel mwaka 2022, ulilijibu moja kwa moja: pawasaplai kubwa inayoufuata inatakiwa kuhimili mruko unaofika mara mbili ya uwezo wake kwa maikrosekunde 100. Nilipousoma mstari huo nilielewa kwa nini NVIDIA, kampuni ya kadi za RTX, kwa kadi inayotumia wati 170, hupendekeza pawasaplai ya wati 550. Nilizoea kuyaona mapendekezo hayo kama woga wa mtengenezaji anayejikinga na lawama. Sasa nayaona kama nafasi ya miruko, pamoja na tahadhari dhidi ya maboksi kama lile la mpwa wangu.

Je, ningemwambia basi anunue ya wati 1000 ili tuwe salama? Dada yangu aliuliza hivyohivyo, kisha akaongeza swali ambalo huulizwa sana: kubwa si itakula umeme zaidi? Haili. Pawasaplai huvuta kutoka ukutani kile tu kinachotakiwa na kompyuta pamoja na kile inachokipoteza kama joto, hivyo ya wati 1000 inayobeba mzigo wa wati 300 haitageuka kuwa jiko la umeme. Ila fedha ya ziada ya ukubwa usiotumika ni fedha ambayo ingenunua ubora katika ukubwa unaotumika, na kwa bajeti ya mwanafunzi hilo ndilo linaloamua.

## Dhahabu, shaba, na ile "85+"

Boksi la mpwa wangu lilikuwa na nembo iliyoandikwa "85+". Daraja la namna hiyo halipo.

Mpango halisi unaitwa 80 Plus, ulianza mwaka 2004, na madaraja yake kwa kompyuta za nyumbani yanapanda kutoka lile la msingi kwenda Bronze, Silver, Gold, Platinum hadi Titanium. Unapima hasa kitu kimoja: kati ya umeme unaoingia, ni kiasi gani kinachoifikia kompyuta na kiasi gani kinapotea kama joto. Gold, inapopimwa kwa volti 230 kama zetu, hudaiwa ifikishe asilimia 92 ikiwa na nusu ya mzigo wake.

Ni kipimo kizuri, lakini nimeona watu wakikitumia kana kwamba kinapima uhai wa kifaa. Tuchukue mzigo wa wati 300 kwa saa nne kila siku. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 375. Yenye asilimia 90 itavuta 333. Tofauti ya wati 42 inakuwa uniti tano kwa mwezi, yaani soda mbili tatu. Mtu asijinyime chakula kwa ajili ya hizo.

Kinachonunuliwa hasa kwa bei ya juu ni kile ambacho nembo haikipimi: ulinzi. Pawasaplai ya heshima huwa na sakiti zinazoichunga volti isipande kupita kiasi, isishuke kupita kiasi, ampea zisizidi, joto lisizidi, na shoti ikitokea ikate kabla moshi haujatoka. Lile boksi letu lilipokufa lilikufa likiwa wazi, likaruhusu kisichostahili kupita kiifikie mazabodi. Iliyo nzuri nayo hufa, lakini huwa inafia mlangoni.

Jina kubwa pekee nalo halitoshi. Mwaka 2021 Gigabyte, kampuni kubwa ya vifaa vya kompyuta, ilitoa tamko na kukubali kubadilishia wateja baadhi ya pawasaplai za modeli zake mbili, GP-P750GM na GP-P850GM, baada ya wapimaji huru kuonyesha vielelezo vilivyolipuka wakati wa majaribio ya ulinzi wa mzigo kupita kiasi. Zote mbili zilikuwa na nembo ya Gold. Tangu nilisome hilo, swali langu dukani limekuwa juu ya modeli yenyewe, herufi na tarakimu zake zote, kisha natafuta mtu aliyeifungua na kuipima. Muuzaji hukasirika kidogo. Anayekasirika sana, namwachia bidhaa yake.

## Umeme wa huku kwetu

Mengi ya yanayoandikwa juu ya pawasaplai huandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, kwa hiyo kuna mambo wanayoyapita haraka.

La kwanza ni kushuka kwa volti. Kuna saa za jioni ambapo balbu ya chumbani kwa mpwa wangu huwa na rangi ya chungwa. Pawasaplai iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240 huvumilia kushuka huko bila kelele, wakati iliyoandikwa 220 hadi 240 peke yake huanza kuhangaika mapema. Ni mstari mmoja wa maandishi madogo kwenye lebo ileile nisiyoitazama.

(Na ikiwa kifaa ni cha zamani, kilichokuja ndani ya kompyuta ya mtumba, kina kiswichi chekundu nyuma kilichoandikwa 115 na 230. Kama kimekaa kwenye 115, sakiti ya ndani huuzidisha umeme mara mbili kabla ya kuutumia. Ukichomeka kwenye volti 230, ambazo kilele chake ni kama 325, kapasita zilizotengenezwa kwa volti 200 hupokea zile 325 zote. Najua mlio wake. Nilikuwa na umri wa miaka 19 na nilikimbia hadi nje.)

La pili ni kukatika kwa kufumba na kufumbua. Mwongozo wa ATX kwa miaka mingi umedai pawasaplai iendelee kutoa umeme kwa kama milisekunde 16 baada ya ukuta kunyamaza, na UPS za kawaida, yaani vifaa vya betri vinavyoshika zamu umeme unapokatika, hubadili kwenda kwenye betri ndani ya milisekunde 4 hadi 10. Hivyo viwili vinakutana vizuri, ila tu kama kapasita kubwa ya ndani ni kubwa kweli. Ya mpwa wangu ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba changu. Hata angekuwa na UPS, isingemsaidia: kompyuta ingezima kabla betri haijashika zamu.

La tatu ni joto. Uwezo wa pawasaplai nzuri hutajwa kwa hewa ya nyuzijoto 40 au 50, na kapasita zake huandikwa nyuzi 105. Za bei rahisi mara nyingi ni za nyuzi 85. Kwa kanuni wanayoitumia mafundi, kila nyuzi kumi unazompunguzia kapasita humwongezea maisha mara mbili, na kila kumi unazomwongezea humkata nusu. Kwenye chumba kimoja cha bati, Februari, mchana, ndani ya kasha la kompyuta, hesabu hiyo haina huruma.

La nne sikulitarajia kabisa. Tulipofunga pawasaplai mpya, mpwa wangu aligusa ubavu wa kasha akiwa pekupeku akavuta mkono. "Mjomba, inatekenya." Nikaweka mgongo wa vidole nami nikausikia, ule mtetemo mwepesi kama wa mbu aliyenaswa chini ya ngozi. Nilidhani tumeuziwa kibovu kingine. Kumbe pawasaplai yoyote yenye vichujio kamili huwa na kapasita mbili ndogo zinazounganisha nyaya za ukutani na chuma cha kasha, na umeme huo mdogo unategemewa uteremke ardhini kupitia waya wa ethi. Pasipo ethi, chuma hubaki na kama nusu ya volti za ukutani, zenye ampea ndogo sana, zinazosubiri kidole cha mtu. Ile ya zamani haikutekenya kwa sababu vichujio hivyo haikuwa navyo.

Nilifungua soketi ya ukutani. Tundu la juu, lile la ethi, halikuwa limeungwa na kitu.

## Tuliyonunua

Tulirudi Kariakoo wote wawili Jumamosi asubuhi, duka jingine. Niliagiza pawasaplai itolewe ndani ya boksi, nikaishika mkononi. Uzito si kipimo cha kisayansi, lakini shaba na alumini haziigizwi kwa karatasi. Mpwa wangu alisoma lebo kwa sauti: wati 650, Bronze, ingizo la volti 100 hadi 240, volti 12 kwa ampea 54. Alikokotoa mwenyewe pale kaunta. Wati 648 kwenye njia ya volti 12 peke yake.

Bei ilizidi ile ya kwanza kwa zaidi ya laki moja, nami niliilipa pamoja na nusu ya mazabodi, kwa kuwa "inatosha" ilitoka kinywani mwangu.

Alitaka pia kutumia waya nyeusi za kusuka alizopewa na rafiki kutoka pawasaplai ya kampuni nyingine, kwa vile zilikuwa ndefu na nzuri machoni. Hilo nililikataa kabla hajamaliza sentensi. Plagi za upande wa mazabodi na kadi zinafanana kote duniani, ila za upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini atakavyo, na waya unaoingia vizuri kabisa unaweza kupeleka volti 12 mahali palipotakiwa volti 5. Nilipoteza diski yenye picha za harusi ya dada yangu kwa kosa hilo. Mama yake kijana hajui mpaka leo kwamba haikuwa virusi.

Kompyuta sasa haizimi. RTX 3060 inacheza saa tatu mfululizo na hewa inayotoka nyuma ya pawasaplai ni ya uvuguvugu tu. Fimbo ya ethi bado haijachimbiwa; mwenye nyumba amesema mwezi ujao, kama alivyosema mwezi uliopita. Hadi hapo mpwa wangu anavaa kandambili akikaa mezani, na umeme ukikatika anachomoa plagi ukutani, hairudishi mpaka taa ya jikoni iwe imewaka dakika kumi bila kupepesa.